Kimea cha Bibi Shamba

Posta ya Sumbawanga ilikuwa imefurika siku ile, utadhani stempu zinagawiwa bure. Walimu waliotoka vijijini kufuata barua zao, askari magereza, mama wa soko waliofunga watoto mgongoni kwa mablanketi, wote walisongamana ndani kwa sababu nje hakukaliki. Juni ya Ufipa si mchezo. Upepo unatoka sijui wapi, unapita kwenye sweta kama vile hukuvaa kitu, unakwenda moja kwa moja kwenye mifupa. Na katikati ya msongamano huo, ndani ya kibanda cha simu ambacho mlango wake ulikuwa haufungiki, dada mmoja alikuwa anapiga kelele hadi mishipa ya shingo inamtoka.

"Vimeng'enya, Ndugu Ambilikile! Nasema vi-meng'e-nya! Vya kwenye miche! Hapana, havijafa, ila vitakufa, sina barafu!"

Watu wakatazamana. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama akamuuliza jirani yake kwa sauti ya chini kama huyu binti wa watu ni mzima.

Alikuwa mzima kabisa. Jina lake Atusaye, mtaalamu wa kilimo kutoka Mbeya, kabila lake Mnyakyusa, kazini Sumbawanga tangu masika. Alivaa sketi ya kitenge cha maua makubwa, sweta la kijani alilofumiwa na mama yake kule Tukuyu, na viatu vya raizoni vilivyompandisha juu lakini vumbi la mji halikuviheshimu hata kidogo. Nywele alizichana zikasimama duara, mtindo wa siku zile za mwaka sabini na saba. Alikuwa mzuri, na alikuwa amekasirika, maana laini ilikuwa imekatika.

Kidirisha kwenye ukuta wa mbao nyuma ya kaunta kikafunguka kidogo, akachungulia kijana mwenye shati la Kaunda la rangi ya kahawia, chanuo limechomekwa kichwani na vidude vya kusikilizia simu vinaning'inia shingoni.

"Dada, Mbeya imekata."

"Imekata, au umekata wewe?"

"Mimi? Ningekataje na mazungumzo yamefika patamu?"

Watu wakacheka. Atusaye akamkazia macho. "Kwa hiyo ulikuwa unasikiliza maneno yangu."

"Kazi yangu ni kusikiliza kama laini ni nzima. Sasa katika kusikiliza, nikasikia mtu ana shida ya barafu." Akainamisha kichwa karibu na dirisha. "Barafu ninayo."

"Katika Sumbawanga hii?"

"Mapadri wana jokofu la mafuta ya taa. Nilikuwa mtumishi wa altare pale, hawawezi kuninyima. Ila kwa sharti moja: uniambie vimeng'enya ni nini. Ukitoka hapa, hawa wote wataniuliza mimi."

Atusaye alitaka kununa zaidi, lakini kicheko kikamponyoka. Hakikuwa kicheko kikubwa. Ila alipokuwa anarudi ofisini na upepo unampiga usoni, alikumbuka kwamba tangu afike mji huu hakuwahi kucheka mbele ya mtu.

Jamani, upweke wa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa mbali usiusikie kwa jirani. Jumapili kengele za Wakatoliki zinalia, watu wanapita makundi kwa makundi na nguo zao safi, na wewe Mmoraviani umekaa kibarazani na chai yako. Jirani ni mwema, lakini akikutana na mwenzake wanaingia kwenye Kifipa chao, wanacheka, na wewe unatabasamu tu kama picha ya ukutani. Atusaye alikuwa na redio. Akiifungua, sauti inajaa chumba. Akiifunga, anausikia upepo ukikwaruza bati. Siku nyingine alijikuta anaisemesha miche yake kwa Kinyakyusa, maana ilikuwa haijui lugha yoyote na kwa hiyo haikumtenga.

Miche hiyo ndiyo iliyomleta. Ulezi wa Ufipa ni mzuri, lakini aina nyingi hurefuka mno, halafu upepo ukija unalala chini na mavuno yanaozea shambani. Atusaye alitaka kujua kwa nini baadhi ya aina hazilali. Kila mche mchanga hujitengenezea homoni ya kuurefusha, na mche huohuo una vimeng'enya vinavyoivunjavunja homoni hiyo ili usirefuke ukapitiliza. Ukipata ulezi wenye vimeng'enya vikali, umepata shina fupi, nene, lisilotishwa na upepo. Basi akakusanya mbegu kutoka vijiji mbalimbali, nyingine alipewa kiganja tu, akaziloweka na kuziotesha kwenye stoo iliyo nyuma ya nyumba yake, madirisha yamezibwa kwa karatasi nyeusi. Gizani, kwa sababu mwanga ungevuruga mambo ndani ya miche kabla hajayapima.

Ndugu Ambilikile, mkubwa wake wa Mbeya, alikuwa amemwambia wazi: majibu yakipatikana msimu huu, kitafunguliwa kituo kidogo Sumbawanga na yeye atabaki kukiendesha. Yasipopatikana, arudi Mbeya. Mwanzoni Atusaye aliona yote mawili sawa tu. Baadaye hayakuwa sawa tena, na sababu yake ilikuwa huyu kijana wa simu.

Aliitwa Felisiani. Alileta barafu kweli, ndoo nzima, imefunikwa magunia, kwenye keria ya baiskeli. Na siku iliyofuata simu ya ofisini ikalia.

"Hapa ni Posta," sauti ikasema kwa ukali wa kiserikali. "Tunapima laini."

"Mmeipima asubuhi."

"Asubuhi ilikuwa nzima. Mchana huwezi kujua. Hebu sema kitu, Bibi Shamba, tuisikie."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema 'Felisiani'."

"Hiyo ndiyo namba gani?"

"Hiyo ni namba ya dharura."

Atusaye akafunika mdomo ili karani wa meza ya pili asimwone. Kuanzia hapo laini ile ikawa inapimwa kila uchao, na hakuna laini Tanzania nzima iliyokuwa nzima kuliko hiyo. Yeye akamwita Bwana Namba Gani, maana ndilo neno alilolisema kutwa kucha pale kwenye mitambo yake. Jumamosi walikwenda sokoni pamoja, wakala samaki wa Rukwa kwa ugali wa ulezi kwenye kibanda cha mama lishe, Felisiani akamfundisha kumega tonge lile jeusi bila kulilalamikia.

Siku moja, jua la saa tisa likiwaka nje, Atusaye alimwingiza stoo. Wakafunga mlango, Atusaye akawasha tochi aliyoifunga karatasi ya kijani, mwanga usioisumbua miche. Masinia yalikuwa yamepangwa kwenye rafu, na katika kila sinia miche myembamba, myeupe, imesimama inasubiri.

"Mbona inatisha hivi?" Felisiani akanong'ona.

"Haitishi. Haijaona jua tu."

Wakatoka nayo ile aliyoihitaji. Akaisaga kwenye kinu kidogo cha kaure juu ya barafu, akachuja, akatia homoni, wakasubiri wakinywa chai. Kisha akadondosha dawa yake kwenye vichupa. Kimoja kikageuka rangi ya waridi, kikakolea. Kingine kikabaki hakina rangi, maji matupu.

"Hiki cha waridi, homoni bado imo," akamweleza. "Vimeng'enya vyake vivivu. Huu ulezi utalala chini. Lakini hiki kingine, tazama! Homoni yote imekwisha. Huu hauanguki, Feli. Huu ndio ninaoutafuta."

Felisiani alitazama vile vichupa, akamtazama na yeye. "Basi na mimi ninavyo hivyo vimeng'enya."

"Wapi?"

"Hapa kooni. Kuna neno kila nikitaka kukwambia linavunjwavunjwa kabla halijafika mdomoni."

"Liseme upesi kabla halijaisha."

"Nakupenda, Bibi Shamba."

Hee! Atusaye alishika meza. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke kwao, alihisi kwamba mahali alipokuwa ndipo alipotakiwa kuwa.

"Rudia," alisema. "Laini haikusikika vizuri."

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na yaliharibiwa na watu waliopendana, hakuna adui hata mmoja.

Felisiani alimwambia mama yake. Mama huyo, Josefina, mjane, alikuwa analima ulezi na mahindi katika kijiji cha ukingoni mwa uwanda, pale barabara ya Muze inapoanza kuteremka kwenda bondeni. Akasema anakuja mjini kumwona binti. Bahati mbaya siku zenyewe Atusaye alikuwa na safari ya kazi bondeni, Ilemba na Mtowisa, kutafuta mbegu nyingine za ulezi. Akampa Felisiani fungu la funguo. "Mama akifika apumzike kwangu. Asikae kwenye kile chumba chako cha kapera. Nitarudi tuonane."

Felisiani akampokea mama yake, akamwonyesha kitanda, jiko na mtungi wa maji, akamwachia funguo, akakimbilia zamu. Stoo hakuitaja. Haikumjia akilini kabisa.

Josefina akafagia, akaosha vyombo, akatoka uani kumwaga maji. Ndipo pua yake ikanasa harufu. Mwanamke wa Kifipa huwezi kumficha harufu ya ulezi unaochipua. Ameijua tangu akiwa mgongoni. Ilikuwa inatoka kwenye mlango wa stoo. Akajaribu ufunguo mmoja, akajaribu wa pili, mlango ukafunguka.

Kijijini kwao, msichana akikubali kuposwa, huloweka ulezi yeye mwenyewe, kwa mikono yake, kabla wakwe hawajafika. Huuficha gizani uchipue, kimea chake kikapikiwa pombe ya kuwapokea watu wa upande wa mwanamume. Hasemi kitu. Wakwe wakifika wakanusa harufu ile, wamekwisha jibiwa. Josefina alisimama mlangoni, anatazama sinia baada ya sinia la ulezi uliochipua gizani, na machozi yakamtoka. Binti wa Mbeya, asiyejua hata kusalimia kwa Kifipa, amejifunza desturi yao yote kimyakimya!

Kisha akaona kitu cha pili, moyo ukamruka. Chipukizi zilikuwa ndefu mno. Kimea kimepitiliza! Mtoto wa watu hakujua siku ya kukitoa, na kesho wakwe watakionja wamcheke. Josefina asingekubali hilo. Alivua kanga ya juu, akajifunga kiunoni, akatandika majamvi uani, akabeba masinia yote, ya Muze, ya Laela, ya wapi, akayamwaga pamoja juani, akayafikicha na kuyachanganya vizuri ili yakauke upesi. Akamwita jirani, nesi Adela, Mfipa mwenzake, aje ashuhudie. Adela akapiga vigelegele. Kufikia alasiri, wanawake wa mtaa mzima walijua kwamba mwana wa Josefina anaoa.

Landrova ikamshusha Atusaye getini kesho yake, vumbi la bondeni hadi kwenye kope, koo limekauka. Akasikia nyimbo. Akazunguka uani. Akaona majamvi.

Kwanza hakuelewa. Kisha akaona masinia matupu yameegemezwa ukutani, yameoshwa yanang'aa, na mlango wa stoo uko wazi, jua limeingia mpaka kona ya mwisho.

"Nani amefanya ujinga huu?" akapiga ukelele. "Nauliza! Ni mjinga gani huyu?"

Nyimbo zikakatika. Mama mmoja mwembamba, kanga kiunoni, akasimama kutoka kwenye jamvi, mikono imejaa unga wa kimea. Alikuwa ameanza kutabasamu kumpokea mkwewe, na lile tabasamu lilibaki hivyohivyo usoni, halijui liende wapi.

"Ni mimi, mwanangu," akasema. "Kilikuwa kimepitiliza."

"Kilikuwa hakijapitiliza! Ile ilikuwa kazi yangu! Mbegu nyingine sizipati tena! Mmezichanganya zote, mmeniua, mmeniua kabisa!" Akapiga magoti kwenye jamvi, akaanza kuchambua punje kwa punje. Jambo hilo hata yeye alijua halisaidii.

Felisiani alitokea getini kwa baiskeli, ametoka zamu, amebeba soda za kumpongeza kila mtu.

"Kuna nini?"

"Muulize mama yako!"

"Atusaye, punguza sauti. Huyu ni mzazi."

"Mzazi ndiyo avunje stoo ya serikali?"

"Nimesikia toka barabarani unamwita mtu mjinga. Ulikuwa unamwita mama yangu?"

Hapo angeweza kusema sikujua ni yeye. Ilikuwa kweli. Lakini hasira ina vimeng'enya vyake, bwana. Neno jema lilivunjwa hukohuko kooni, likatoka jingine. "Nilimwita aliyefanya hivi. Kama ni yeye, basi ni yeye."

Felisiani aliweka soda chini taratibu. "Mbegu zako utapanda nyingine," alisema. "Mama mimi ninaye mmoja."

Josefina alikusanya kimea chote kwenye gunia, asibakishe hata punje, maana chakula hakitupwi, akajitwika, akatoka. Felisiani alimfuata nyuma akisukuma baiskeli. Hakugeuka.

Baada ya hapo mji ukarudi kuwa kama mwanzo, na zaidi. Simu ya ofisini haikulia. Laini haikupimwa na mtu. Atusaye alikwenda Posta mwenyewe kumpa Ndugu Ambilikile habari mbaya, akaingia kwenye kile kibanda, akanyanyua mkono wa simu.

"Namba gani?" Sauti ni ileile. Ila ilikuwa sauti ya kumwuliza kila mtu.

"Feli, ni mimi."

"Namba gani, ndugu?"

Akataja namba. Mbeya ikapokea. Ndugu Ambilikile hakugomba, na hilo lilimuumiza zaidi. "Pole, mama," alisema. "Funga ofisi, rudi. Ukipata mbegu upya na mahali pa kuziotesha, tutaongea tena. Kwa sasa sina la kuwaambia wakubwa." Atusaye akaitikia, akashukuru. Alijua kuna mtu wa tatu kwenye laini anasikia kwamba yeye anaondoka. Alisubiri huyo mtu aseme kitu. Alisikia kukohoa tu, kisha laini ikakatwa.

Kabla ya kuondoka alipanda lori la mahindi hadi ukingoni mwa uwanda. Hakumwambia Felisiani, wangeambiana wapi? Alimkuta Josefina anapura maharage. Akavua viatu vyake vya raizoni mbali kabisa na ua, akaja peku, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikutukana, na wewe ulikuwa unanisaidia. Hata kwetu mtu hasemi na mzazi vile."

Josefina aliendelea kupura kidogo, kisha akaweka fimbo chini. "Lile neno limekwisha, mwanangu. Mtu akitoka safari ndefu kichwa kinachemka." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nina swali moja. Ule ulezi. Hukutuwekea sisi?"

Atusaye alitamani kudanganya. Mungu anajua alivyotamani. "Hapana, mama. Ulikuwa wa kupima. Mambo ya kazi."

"Basi sikujua kuwa kuna ulezi usioliwa wala usionywewa." Mama alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilikwisha waambia watu wote. Nilimwambia hata marehemu baba yake, kaburini. Nikamwambia, wametujibu."

Wote wawili wakalia, mmoja huku na mwingine kule, kila mtu ameshika kona ya kanga yake. Josefina akampikia ugali, wakala. Wakati wa kuagana alimsindikiza hadi barabarani, akasimama naye kwenye upepo hadi lori lilipokuja, na katika muda wote huo hakuna aliyemtaja Felisiani. Atusaye aliona hiyo ndiyo dalili kwamba mambo yake na Felisiani yamekwisha.

Asubuhi ya safari aliangalia kila baiskeli iliyopita pale kituo cha basi. Basi lilijaa, likapakiwa kuku na magunia, likanguruma. Hakuja mtu. Hadi wanapita Laela alikuwa bado anageuka nyuma.

Mbeya alipewa meza karibu na dirisha. Alikuwa karibu na kwao sasa, ndizi zipo, Kinyakyusa kipo, wenzake wanamwita kwa utani wote anaoujua tangu utoto. Haya mambo aliyatamani Sumbawanga mpaka akaumwa. Ajabu ni kwamba hayakumtosha. Alikuwa katikati ya watu wake na mpweke vilevile, tena kuliko, maana kule alikuwa anajua kinachokosekana ni lugha, na hapa lugha ilikuwepo yote. Wenzake walidhani ni malaria. Akashonewa gauni jipya la krimplini ya bluu, akalivaa kanisani, mama yake akasema amependeza. Alikubali tu kwa kichwa.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha, ukungu umelala mlimani, pale simu ya ofisi ilipolia. Ndugu Ambilikile akapokea, akasikiliza, akakunja uso.

"Atusaye, hebu njoo. Ni Posta. Sielewi. Wanasema wanapima laini."

Alifika kwenye ile simu kwa kushikashika meza za watu.

"Haloo?"

"Hapa ni Posta ya Sumbawanga," sauti ikasema. Ukali wa kiserikali ulikuwepo, lakini ulikuwa unatetemeka. "Laini yenu tumeipima tukaikuta mbovu. Kosa ni la huku kwetu."

"Kosa gani?"

"Mtu alipewa funguo, hakumwambia mama yake kuhusu stoo. Akaona aibu kukubali, akajificha nyuma ya mama yake. Halafu juzi mama anamwambia kwamba binti alikuja peku hadi kijijini kupiga magoti. Juzi, Bibi Shamba! Alikuwa ameninyamazia muda wote huu. Ati alingoja nione mwenyewe kama mimi ni mwanamume au ni kisiki."

Atusaye alicheka na kulia kwa pamoja. Ofisi nzima ikaacha kazi.

"Mbona hukuja kituoni?"

"Nilikuja. Nilisimama nyuma ya duka la ushirika. Nilikuona unatazama baiskeli."

"Ulikuwa unaniona! Feli, wewe mtu gani?"

"Kisiki, nimekwisha sema. Sasa sikiliza, nina ujumbe, siyo wangu, wa mama. Tangu ulipoondoka amezunguka vijiji. Ameshuka Muze kwa miguu, amekwenda hadi Ilemba, anaomba mbegu za ulezi. Kila kijiji amekifungia kitambaa chake, hakuchanganya hata punje. Na jana ameziloweka. Kila moja chungu chake, ndani ya chumba cha nyuma, dirisha amelikandika udongo. Amekaa mlangoni na kigoda, mtu hapiti. Hata mimi sipiti!"

Atusaye akavuta kiti, akakaa.

"Anauliza," Felisiani akaendelea, na sasa ule ukali wote ulikuwa umekwisha, imebaki sauti ya mtu tu. "Anasema safari hii hagusi mpaka mwenyewe aseme. Ukichipua, auanike juani uwe kimea cha watu, au auache gizani uwe wa kazi yako? Lolote utakalosema, analipokea. Na mimi nalipokea. Ila nakuomba, Atusaye, fikiri kwanza."

Laini ikakwaruza. Sauti ya tatu ikaingia, nene, ya mtu mzima, mwenzake Felisiani wa mitambo ya njiani.

"Tunduma hapa. Ndugu, muda wenu unakwisha."

"Tunduma, tuachie kidogo!" Felisiani akalia.

"Nawaachia, nawaachia. Ila dada naye ajibu, bwana. Na sisi tunangoja huku."

Atusaye aliangalia dirishani. Ndugu Ambilikile alikuwa amejifanya anasoma faili, amelishika juu chini. Alipoona anatazamwa, akaliweka mezani, akamwonyesha kwa mkono upande wa kituo cha basi.

"Feli, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mwambie mama, nusu ya kila chungu aanike. Nusu nyingine asiifunue mpaka nifike."

Upande wa pili hakukusikika kitu. Akadhani imekatika. Kisha ile sauti nene ikaja tena, inapaza kama mtu anayepokeza habari kutoka ng'ambo ya mto.

"Sumbawanga! Umesikia wewe? Amesema nusu aanike! Nusu aanike, na yeye anakuja!"